Namba ya shehia, kilo za mwani na kuridhika 1 hadi 5: zipi naruhusiwa kuzitolea wastani?

Binti_Tumbe

Assalaam alaykum wana jamvi.

Niko mwaka wa mwisho, nasoma sayansi ya jamii. Utafiti wangu unahusu kinamama wanaolima mwani wilaya ya Micheweni, Pemba: je, mapato ya mwani yanawasaidia kubeba gharama za watoto skuli? Msimamizi amenirudishia sura ya 3, na pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: taja aina ya kila kigeu (jambo unalolipima, linalobadilika toka mtu hadi mtu) na kiwango chake cha upimaji, kisha useme utakifanyia hesabu gani. Bamvua, siku zile maji ya pwani yanapotoka sana, likipita nataka niingie Kiuyu Mbuyuni kulijaribu dodoso, kwa hiyo muda ni mfupi.

Vitabu nimesoma. Vipimo vinne navijua: cha majina, cha mpangilio, cha vipindi na cha uwiano, yaani nominali, odinali, intavali na resho. Fasili zake naweza kukusomea kwa moyo. Kinachonishinda ni kukaa na maswali yangu mwenyewe nikasema hili liko hapa, lile liko pale. Nayaweka kama yalivyo:

Shehia (1 Kiuyu Mbuyuni, 2 Maziwa Ng'ombe, 3 Tumbe Mashariki).
Umri (18–25, 26–35, 36–45, 46 na zaidi).
Elimu (1 hakusoma, 2 msingi, 3 sekondari, 4 chuo).
Aina ya mwani (1 spinosamu, 2 kotonii, 3 zote mbili).
Mapato ya mwani kwa mwezi (chini ya 50,000, 50,000–100,000, 100,000–200,000, zaidi ya hapo).
Unaingia pwani saa ngapi?
Unaridhika na bei? (1 siridhiki kabisa hadi 5 naridhika sana).
Watoto wangapi wanasoma?

Nina mambo matatu. Umri ni uwiano au ni mpangilio? Wenzangu wamegawanyika, kila mmoja ana kitabu chake. La pili, programu ya takwimu ya SPSS inanipa machaguo matatu tu wakati vitabu vinasema vinne. La tatu, naruhusiwa kutoa wastani wa lile swali la kuridhika? Ripoti nyingi nilizozipitia maktaba zinaandika wastani 3.7 na kuendelea na safari bila maelezo.

Natanguliza shukrani.

Mwanafunzi_Tunguu

Waalaykum salaam dada.

La SPSS ndilo jepesi. Kwenye safu ya kipimo utakuta nominali, odinali na skeli. Hiyo skeli imechukua intavali na resho kwa pamoja, kwa sababu hesabu nyingi za kawaida zinazifanyia kazi sawasawa. Kwenye ripoti yako andika vinne kama msimamizi anavyotaka, kwenye programu chagua skeli.

Vile vinne aliyevipanga ni Stanley Smith Stevens, mwanasaikolojia wa Harvard, kwenye makala yake ya 1946 katika jarida la Science. Mtaje, wasimamizi wanapenda.

Umri ni uwiano, usibabaike. Una sifuri ya kweli, yaani 0 maana yake hakuna kitu kabisa.

Mpimaji_Wete

Waalaykumu salaam, mwanangu. Kazi yangu miaka mingi imekuwa kuhoji watu majumbani na kuwasimamia wanaohoji, hapa Pemba, na katika kazi yote ile hakuna swali ninalolipenda kuliko hili lako. Niwie radhi nikirefusha.

Kijana wa Tunguu kasema kweli kuhusu SPSS na kuhusu Stevens. Kuhusu umri sikubaliani naye, na nitafika hapo.

Msimamizi wako ameweka mambo mawili kwenye sentensi moja, na wanafunzi wengi wanayachanganya. Aina ya kigeu ni kazi kinayoifanya katika hoja yako. Kiwango cha upimaji ni hesabu unazoruhusiwa kukifanyia. Kwako wewe mapato ya mwani ni kigeu huru, kwa sababu unadai ndiyo yanayosukuma. Kesho mtu akitafiti kwa nini kinamama wa Tumbe wanapata zaidi kuliko wa Kiuyu, mapato yaleyale yatakuwa kigeu tegemezi, kile kinachosukumwa. Shilingi ni zilezile na bado zimepimwa kwa uwiano. Kilichobadilika ni nafasi yake katika hoja.

Sasa nionyeshe kigeu tegemezi chako. Nimelisoma dodoso lote sikukiona. Unasema utapima kama mwani unasaidia gharama za skuli, na hakuna swali hata moja linalouliza gharama. "Watoto wangapi wanasoma" ni jambo jingine. Mama anaweza kuwa na watoto watano skulini na sare zote kanunua mjomba. Tena usiulize "ada", maana elimu ya skuli za serikali hapa Zanzibar ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 1964, na ukiuliza ada utavuna sifuri nyingi zisizokueleza kitu. Uliza vitu vinavyotoka mfukoni: sare, madaftari, nauli, masomo ya ziada, chuo cha Qur'ani. Na kila kimoja uulize fedha yake ilitoka wapi. Kuna baba aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi, kuna kijana aliyeko Unguja anayetuma fedha kwa simu, kuna ndugu mwenye mikarafuu. Hao nao ni vigeu, hata kama hukuwapanga. Usipowauliza, utausifu mwani kwa daftari lililonunuliwa na dagaa.

Turudi kwenye umri. Umri wa mama, wenyewe kama umri, ni uwiano: una mwanzo wa kweli, na aliyetimiza miaka 40 ameishi mara mbili ya mwenye 20. Lakini wewe hukumwuliza umri. Umemwuliza akae kwenye kisanduku gani. Wa miaka 26 na wa miaka 35 wote wanarudi kwako wakiwa 2. Wa mwisho, "46 na zaidi", anaweza kuwa na 47 au 80, nawe huna pa kulijulia hilo. Kilichobaki mkononi mwako ni mpangilio: huyu mkubwa kuliko yule, basi. Kiwango hakitokani na kitu peke yake, kinatokana na namna ulivyokiuliza, na ndiyo maana wenzako wamegawanyika na vitabu vyao vyote viko sahihi.

Dawa yake ni kuandika "Umetimiza miaka mingapi?" ukaacha nafasi wazi. Visanduku ukivitaka utavitengeneza mwenyewe baadaye mbele ya kompyuta, kwa mipaka utakayoona inafaa. Kushuka kutoka miaka kamili hadi visanduku ni kazi ya dakika moja. Kupanda kutoka visanduku hadi miaka kunataka urudi Kiuyu nyumba kwa nyumba, na hapo umeshamaliza nauli na subira ya watu. Hili naliweka juu ya yote katika barua hii: pima kwa kiwango cha juu kabisa ambacho mtu anaweza kukujibu bila kubahatisha.

Nasema "bila kubahatisha" kwa sababu wapo wakongwe wasiojua mwaka waliozaliwa. Hao waulize walikuwa na umri gani wa kukisia wakati wa Mapinduzi ya 1964, au walikuwa na watoto wangapi pale mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Ukipata makadirio, weka alama pembeni kwamba ni makadirio.

Mapato yana ugonjwa uleule wa visanduku na mwingine juu yake. Mwenye 100,000 kamili anaingia kisanduku cha pili au cha tatu? Umemwandikia vyote viwili. Na upana wa visanduku si sawa: cha pili kina upana wa 50,000, cha tatu 100,000, cha mwisho hakina mwisho. Ukivipa 1, 2, 3, 4 ukatoa wastani, unasema hatua zote zinalingana wakati wewe mwenyewe umezichora zisilingane.

Shehia ni majina tu. Namba 1, 2, 3 umeziweka kwa urahisi wa kuandika. Ungeweza kuzigeuza kichwa chini na utafiti usibadilike hata nukta. Hicho ndicho kipimo cha kutambulia kiwango hiki. Ukiiamuru kompyuta, itakupa wastani wa shehia 1.8 bila kusita, na shehia ya namna hiyo haipo Pemba nzima. Kwa majina unahesabu wangapi, unatoa asilimia, unasema lipi limejitokeza zaidi, na ukitaka kujua kama shehia na aina ya mwani vinahusiana, unatumia jaribio la kai-skwea, ambalo Karl Pearson alilitoa mwaka 1900.

Aina ya mwani pia ni majina, ila hilo "zote mbili" litakusumbua kwenye uchambuzi. Ligawe: "Unalima spinosamu? Unalima kotonii?" Ndiyo iwe 1, hapana iwe 0. Hapa pana jambo zuri ambalo vitabu vinalipita haraka: kigeu cha majina chenye majibu mawili, ukikiandika 0 na 1, wastani wake unasomeka. Wastani wa 0.25 maana yake robo ya kinamama wanalima kotonii.

Elimu ni mpangilio. Aliyefika sekondari amekwenda mbali kuliko aliyeishia msingi, hilo hatubishani. Lakini kutoka "hakusoma" hadi "msingi" na kutoka "msingi" hadi "sekondari" ni hatua mbili ambazo hakuna aliyekwambia zinalingana. Tena msingi wenyewe haukuwa na urefu mmoja: sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliutoa kwenye miaka 7 ikauweka 6. Mama na binti yake wote watakuwa 2 kwako. Kwa hiyo wastani wa elimu 2.4 usiuandike. Andika asilimia ya kila ngazi na useme mama wa katikati, ukiwapanga wote mstari mmoja, yuko ngazi gani.

Na mwanangu, mama aliyehitimu Qur'ani ukimwandika "hakusoma" utakuwa umemdhulumu, na umeipotosha data yako. Weka swali la chuo cha Qur'ani peke yake. Nalo hilo ni darasa zuri la vipimo. Watoto wetu wa chuoni wanaanzia mwisho wa Msahafu, juzuu ya 30, amma. Ukimwuliza mtoto yuko juzuu gani akakwambia 30, umepata jina la mahali alipo. Ukimwuliza amemaliza juzuu ngapi akakwambia 1, umepata hesabu yenye sifuri ya kweli, na mwenzake mwenye 2 amemaliza mara mbili yake. Mtoto mmoja, siku moja, 30 na 1, na namba hizo mbili haziruhusu hesabu sawa.

Kipimo cha vipindi ndicho kinachowatesa wanafunzi, kwa sababu vitabu vinatoa mfano wa joto tu. Wewe unao mfano kwenye swali lako la saa. Mama mmoja anaingia pwani saa mbili asubuhi, mwingine saa nne. Tofauti yao ni saa mbili, na hiyo ni kweli tupu. Je, wa saa nne ameingia "mara mbili" ya wa saa mbili? Kwa saa zetu, zinazoanza kuhesabiwa alfajiri inapokwisha, 4 ni mara mbili ya 2. Sasa hesabu kuanzia usiku wa manane kama simu inavyoandika: saa mbili inakuwa 8, saa nne inakuwa 10. Tofauti bado ni 2. Ile "mara mbili" imekufa. Tulipohamisha sifuri, uwiano ukavunjika na tofauti ikabaki. Kigeu kinachofanya hivyo ni cha vipindi. Miaka ya Hijria na ya Miladi nayo ni hivyo hivyo, sifuri zake ziliwekwa na watu.

Lakini ukimwuliza amekaa pwani kwa muda gani, umehamia kwenye uwiano. Aliyekaa saa 4 amekaa mara mbili ya aliyekaa saa 2, iwe unahesabu kwa saa, kwa dakika au kwa vipindi vya nusu saa. Kwa utafiti wako muda aliokaa una faida kuliko saa aliyoingia. Ukiziacha saa za kuingia, ziandike kwa mtindo wa saa 24, maana saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni zote zitaingia kwenye kompyuta kama 1.

La kuridhika nitarudi kulijibu, nimeitwa.

Pwani_MaziwaNgombe

Mie si mtafiti, ila mama analima mwani na nimekulia kwenye kamba zake, kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Hilo "kwa mwezi" halitakupa jibu. Mwani unakaa majini kama wiki sita hivi ndipo uvunwe, na pwani tunaingia kwa bamvua, maji yakitoka sana. Maji mafu watu wanafanya mengine. Mama anaweza kuuza mwezi huu akapata fedha ya maana, mwezi ujao asiuze hata kilo moja, na wala hajaacha kulima. Ukija mwezi asiouza utamwandika maskini. Ukija aliouza utamwandika tajiri. Muulize mara ya mwisho kuuza ilikuwa lini, aliuza kilo ngapi, kwa bei gani, na ile ya kabla yake.

Halafu ile sifuri. Mama akikwambia hajauza, muulize kwa nini. Mmoja mwani wake haujakomaa. Mwingine kotonii imemfia, maana haihimili maji yakiwa moto, na yeye alikuwa anaitegemea kwa sababu bei yake iko juu kuliko ya spinosamu. Mwingine anao ndani, kavu, kaufunga, anangoja bei. Huyu wa tatu ana mali nyumbani. Wote watatu watakujibu "sijauza".

Na usije siku za bamvua. Utakuta watoto tu nyumbani. Njoo maji mafu, utakaribishwa na utajibiwa kwa kituo.

Binti_Tumbe

Maalim Mpimaji, shikamoo na ahsante sana. Dada wa Maziwa Ng'ombe, nawe ahsante, hilo la sifuri tatu limenikaa moyoni, sikuwa nimeliwaza kabisa.

Nina swali limezaliwa hapohapo. Kinamama wengine hawasemi kilo, wanasema gunia. Nikipokea jibu la magunia, bado ni uwiano au nimeshuka hadi mpangilio?

Mpimaji_Wete

Marahaba mwanangu.

Gunia ni uwiano. Hakuna gunia, hakuna mwani. Magunia 4 ni mara mbili ya 2. Tumezowea hivyo tangu kwenye karafuu: mchumaji analipwa kwa pishi, na aliyechuma pishi 6 analipwa mara mbili ya mwenye pishi 3, bila mzani wowote. Ukibadilisha pishi kuwa kilo unazidisha tu kwa namba moja, na kuzidisha hakuvunji uwiano. Linganisha na saa: pale tulijumlisha 6, uwiano ukavunjika.

Lakini kiwango cha upimaji ni kitu kimoja na usahihi wa kipimo ni kitu kingine. Gunia la huyu limeshindiliwa, la yule limeachwa linapumua. La huyu mwani mkavu, la yule bado mbichi, na mbichi ni mzito mara nyingi zaidi. Pishi nayo kuna wa kusawazisha na kuna wa kurundika hadi juu. Kwa hiyo ukifika kila shehia chukua mzani, pima magunia machache ya mwani mkavu kwa ridhaa ya wenyewe, uone gunia la pale linakaa kilo ngapi na linatofautiana kiasi gani. Andika kwenye sura ya 3 kwamba umefanya hivyo. Na swali liseme wazi: magunia mangapi ya mwani mkavu.

Nikiwa hapo kwenye karafuu, nikuongezee mfano mmoja. Kituoni karafuu zinapangwa daraja la kwanza, la pili, la tatu. Huo ni mpangilio. Kilo za kila daraja ni uwiano. Mkulima mmoja anaweza kukujibu yote mawili kwa pumzi moja, "kilo 40 za daraja la pili", na ni juu yako kujua 40 inazidishika na "pili" haizidishiki.

Mwanafunzi_Tunguu

Maalim, umri nimekubali, hoja ya kisanduku nimeielewa. La kuridhika naomba nilitetee kabla hujarudi. Msimamizi wangu anaruhusu wastani wa 1 hadi 5 na anasema ubishi huu ni wa zamani. Frederic Lord aliandika mwaka 1953 kuhusu namba za jezi za mpira: profesa anagawa namba, wachezaji wa mwaka wa kwanza wanalalamika wamepewa ndogo, anakuja mtakwimu anatoa wastani wa zile namba na anaamua kesi. Namba za jezi ni majina matupu, na bado wastani ulijibu swali. Kwa nini basi dada azuiwe kwenye kitu ambacho angalau kina mpangilio?

Mpimaji_Wete

Umeleta hoja nzito na nafurahi umeileta. Lakini tazama swali lililojibiwa kwenye kisa kile: je, mgao wa namba ulikuwa wa bahati nasibu au wachezaji wale walionewa? Hilo ni swali kuhusu namba zenyewe zilivyogawiwa, na kwa swali hilo wastani unafaa. Hakuna aliyesema mwenye jezi 10 anacheza mara mbili ya mwenye jezi 5. Kwa hiyo tumwulize dada: unataka kusema nini kuhusu kinamama hawa? Hapo ndipo ruhusa inapotoka.

Chukua vijiji viwili, kila kimoja kinamama 10. Kijiji cha kwanza watano wamesema 1 na watano wamesema 5. Kijiji cha pili wote 10 wamesema 3. Wastani wa vyote viwili ni 3. Ukiandika "wastani 3" umeviandika kuwa kitu kimoja, wakati kimoja kimepasuka katikati kuhusu bei na kingine hakijali. Wala usidhani namba ya katikati itakuokoa, nayo itakuja 3 pande zote. Kinachowaonyesha kinamama wale ni mgawanyo wenyewe: asilimia ngapi 1, ngapi 2, mpaka 5. Mistari mitano kwenye jedwali. Nilishawahoji watu wa namna hii, mtu kaacha kazi yake akakaa na wewe barazani akakwambia haridhiki kabisa. Neno lake lisipotezwe ndani ya 3.

Rensis Likert, ambaye jina lake limebaki kwenye maswali haya tangu 1932, hakutegemea swali moja. Alikuwa na kauli nyingi kuhusu jambo moja, akazijumlisha. Jumla ya kauli sita au nane zilizopimwa vizuri inasogea karibu na kipimo cha vipindi, na hapo watafiti wengi wanatoa wastani na mimi siwapingi, almuradi waonyeshe kwamba kauli zile zinakwenda pamoja. Dada ana swali moja. Kwa swali moja, asilimia. Akitaka kulinganisha shehia mbili kuhusu kuridhika, atumie jaribio la Mann na Whitney la 1947, linalotazama nani yuko juu ya nani bila kudai hatua zinalingana. Akitaka uhusiano wa kuridhika na elimu, uhusiano wa mpangilio wa Spearman, wa tangu 1904, unamtosha. Msimamizi wako akikuruhusu wastani, sawa, uweke na mgawanyo pembeni yake.

Mwanafunzi_Tunguu

Mfano wa vijiji viwili nimeuchukua, nitamwonyesha. Ahsante maalim.

Binti_Tumbe

Nimekaa na dodoso usiku kucha nikaliandika upya. Niambieni kama bado kuna pengo.

Shehia nimeiacha, ni majina. Umri: umetimiza miaka mingapi, na pembeni kisanduku kidogo cha "makadirio". Elimu imebaki ngazi, ila chini yake nimeongeza madarasa mangapi alimaliza, na swali la chuo cha Qur'ani peke yake. Spinosamu ndiyo au hapana, kotonii ndiyo au hapana. Mauzo mawili ya mwisho: tarehe, magunia makavu au kilo, bei. Kama hakuuza, sababu, kwa majibu yale matatu ya dada na nafasi ya "nyingine". Amekaa pwani muda gani bamvua lililopita. Kuridhika na bei nimeliacha moja, nitatoa asilimia. Na gharama za skuli nimeweka jedwali: sare, madaftari, nauli, masomo ya ziada, chuo, kila mstari kiasi gani na fedha ilitoka wapi.

Kigeu huru mapato ya mwani, uwiano. Kigeu tegemezi kiasi cha gharama za skuli kilicholipwa kwa fedha ya mwani, uwiano. Fedha za baba, za watoto walioko Unguja na za karafuu nitazipima ili zisinichanganye.

Pwani_MaziwaNgombe

Hapo kwenye muda wa pwani, wengine watakuhesabia kwa maji: "niliingia maji yanaanza kutoka, nikatoka yanaanza kujaa." Jiandae kuyageuza kuwa saa, uwe na jedwali la maji la siku ile.

Mpimaji_Wete

Limekaa vizuri, mwanangu. Kigeu tegemezi hicho kiangalie kwa jicho moja zaidi: mwenye watoto wanane skulini atalipa zaidi ya mwenye mmoja hata kama mwani wao ni sawa. Kwa kuwa vyote viwili ni uwiano unaruhusiwa kugawanya, basi gawanya, upate gharama kwa kila mtoto. Idadi ya watoto ni hesabu kamili, hakuna mtoto na nusu mlangoni kwa mtu, lakini wastani wa 3.4 kwa kaya unaruhusiwa na unaeleweka.

Bado kuna pengo moja: hukuweka pa kuandika asiyejua na asiyetaka kusema. Wahojaji wengi wanaandika 99. Kwa shehia hakuna madhara makubwa, utaliona jina la ajabu kwenye jedwali. Kwa umri ni hatari. Kinamama wanne wa miaka 30, 35, 40 na 45 wastani wao ni 37.5, ongeza mmoja asiyejua umri wake, umwandike 99, wastani unaruka hadi 49.8 na kompyuta haitakwambia kitu. Na wakongwe wa miaka 99 wapo kweli. Tumia namba ambayo haiwezekani kabisa, kama -9 kwa asiyejua na -8 kwa asiyetaka, kisha kwenye SPSS zitangaze zote mbili kuwa data zinazokosekana kabla hujagusa hesabu yoyote. Zitenganishe hizo mbili na sifuri. Aliyelipa 0 kwa nauli amekujibu: mtoto anakwenda kwa miguu.